Mkono Wangu na Zile Saa Zako za Ndege

Sasa venye nilikuwa nakuambia kabla jirani yetu Mama Brayo aingie na mdomo wake, ile kiti ya kinyozi bado inanisumbua. Wewe ulidhani nilicheka na watu wakacheka na stori ikaisha hapo. Nilicheka, ndio. Laini yote ilicheka. Lakini Atieno, tangu hiyo siku usingizi wangu umekuwa wa kuhesabu mabati, na wewe kesho asubuhi unaenda, kwa hivyo wacha nimalize.

Niko hapa kwa kibanda. Samaki ya jioni iko kwa karai, mvua imenyesha kidogo ikaacha matope, na wewe uko mtaa wa Olympic unaaga marafiki zako. Ningekuambia na mdomo, lakini si unanijua. Ukikaa mbele yangu nitaongea mpaka kuche, nitakuambia nani ameolewa na nani amehama usiku na magodoro, na hii moja nitairuka. Nimeiruka miaka ishirini na mbili. Mtu mwenye anaongea sana ako na mahali pengi pa kuficha kitu. Ndio maana nimechukua daftari ya kakako Ouma, nikae na kalamu, kalamu haiwezi kuniingilia na stori ingine.

Mambo ya sweta na dawa ya malaria sitaandika. Hizo utazisikia kwa simu mpaka uchoke.

Unakumbuka hiyo kiti? Ulinifunga macho na leso yangu mwenyewe, ukasema, "Mama, nyoosha kidole upande wenye unazunguka." Ukanizungusha polepole, nikanyoosha kulia. Sawa. Ukaendelea tu, mwendo ule ule, na baada ya kitambo nikasema, "Umesimamisha." Watu wakapiga kelele. Kumbe bado nazunguka. Alafu ukasimamisha kweli, na mimi nikaapa mbele ya watu wazima kwamba sasa narudi kushoto, tena mbio. Kinyozi akasema, "Mama Ouma, leo umekunywa wapi na hukutuita?" Nikatoa leso. Kiti imesimama ngii, mguu yako iko kwa chuma.

Ukasema, "Hiyo ndio kuwa ndani ya wingu, Mama. Ni hivyo tu."

Alafu Ouma akataka zamu yake. Ukamfunga macho, ukamzungusha mpaka mimi ndio nikahisi kutapika, na yeye hakunyoosha kidole popote. Alikuwa anakula mandazi. Ulipomfungua alisimama akatembea mpaka mlangoni, hakuyumba hata kidogo, akatuangalia kama watu wajinga. Watu wakapiga makofi. Na wewe ukasema polepole, kama unajiongelesha, "Ule ugonjwa ulikula sikio yote. Ile ya kusikia na ile ya ndani ya kumsimamisha mtu."

Ugonjwa. Hukusema sindano. Mimi ndio nilikufundisha kusema sindano tangu ukiwa mdogo. Ukiulizwa shuleni kwa nini kakako hasikii, unasema alidungwa sindano mbaya Kawangware. Siku hiyo hukusema hivyo, na uliniangalia. Ama hukuniangalia, ni mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniangalia.

Wacha nigeuze samaki.

Nimerudi. Unajua ulipoanza kujifunza kurusha ndege nilikuwa naelewa kila kitu? Ulikuwa unakuja Jumapili unaniambia vile mnaruka kwa kuona. Unatafuta reli, unatafuta milima ya Ngong, unatafuta bwawa ya Silanga venye imejaa majani kijani hadi mtu anaweza dhani ni shamba, alafu unajua nyumbani ni hapo. Nilikuwa nawaambia watu, hiyo kazi ni yetu, sisi tumezaliwa na macho. Ndege ndogo ikipita juu ya Lindi yetu hapa Kibera mimi natoka nje na mwiko naipungia. Mama Brayo ananiambia, "Huyo si mtoto wako, hiyo ni ya watalii." Namwambia, "Hata kama. Itamfikishia salamu."

Alafu mkaanza hiyo ingine, ya kuruka bila kuona. Ukavalishwa ile kofia ya kufunika macho, unaona tu zile saa mbele yako. Ukanichorea kwa mchanga na kijiti cha mshikaki: hii saa iko na kandege kadogo katikati, juu ni samawati, chini ni kahawia, kandege kakilala upande ujue wewe ndio umelala upande. Hii inasema uko juu kiasi gani. Hii inasema unaelekea wapi. Nikakuuliza, "Na saa ikiharibika je? Mimi nimenunua saa mbili hapa soko ya Toi na zote zilikufa kabla mwezi uishe." Ukacheka, ukasema hakuna saa inaaminiwa peke yake, unaiuliza na ingine pembeni, na ingine, zikikubaliana unazifuata. Zinashuhudiana, ulisema.

Na ile wiki ulishindwa mtihani ukarudi hapa, ukakaa kwa hii stuli bila kuvua viatu. Nilidhani ni mwanaume. Nilikuwa tayari kumtukana. Ukaniambia hapana. Mwalimu alikuweka ndani ya wingu la kweli, hukuwa na kofia, na mwili wako wote ukasema ndege imelala kushoto. Saa zote zinasema imenyooka. "Zote, Mama," ulisema. Na wewe ukaamini mwili. Ukaivuta kulia, na ukaendelea kuivuta, mpaka mwalimu akakunyang'anya, akasema, "Ungekuwa peke yako saa hii tungekuwa tunaokota viatu."

Mimi nilikuambia nini hiyo siku? Nilikuambia kunywa chai. Na nilijua mahali umetoa hiyo. Nani alikulea akikuambia kila siku, "Mwili wako hauwezi kukudanganya, wachana na maneno ya watu"? Nilikuwa naisema kama mtu anapeana baraka.

Ulirudia ukapita. Najua. Lakini kesho unaenda Kongo, kwa milima na mvua, kupeleka madawa na kubeba wagonjwa, na siku moja huyo rubani mwenzako mwenye anakaa upande ule mwingine atakuwa amechoka ama ni mgonjwa, na itakuwa ni wewe na saa. Kwa hivyo nakuambia mahali hiyo tabia ilianzia. Sikia.

Tulikuwa tunaishi Kawangware, kwa ile ploti ya milango kumi na tenki moja. Wewe ulikuwa wa kubebwa mgongoni. Ouma alikuwa na miaka minne na anaongea kama mimi, maneno yanatoka hata akiwa amelala. Baba yenu alikuwa kwa mjengo Kitengela, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nachoma mandazi na samaki hapo mbele ya geti kutoka asubuhi. Na nilikuwa mtu, Atieno. Usinione hivi. Nilikuwa na jina. Ploti nzima, mtoto akilala lala tu, mama yake anamleta kwa karai yangu: "Mama Ouma, weka mkono." Naweka mkono kwa kipaji cha uso. Nasema, "Huyu ni meno." Nasema, "Huyu ako na homa, kimbia." Na ilikuwa inatokea hivyo. Wanawake walikuwa wanaapa na huu mkono. Hakuna mtu alikuwa ananiita kwa sababu ya mandazi, mandazi zangu zilikuwa ngumu.

Chumba cha mbele cha ploti kilikuwa cha Nesi Njambi, binti ya landilodi. Alikuwa ameweka kakliniki hapo, meza, pazia, kabati ya dawa. Mtu mpole, haongei. Mimi na yeye hatukuwa na ugomvi, lakini wacha niseme ukweli: alikuwa ananiuma. Yeye alisoma mpaka akavaa nguo nyeupe na wanawake bado walikuwa wanaanzia kwangu.

Jumanne moja Ouma akaamka hataki chai. Shingo inamuuma. Nikaweka mkono, nikasema hana homa, ni kulala vibaya. Nikarudi kwa karai. Mchana amelala. Nikaweka mkono. Sawa tu. Jioni tuko kwa tenki tunachota maji, wanawake wengi, na Ouma amelala kwa gunia hapo kando. Nesi Njambi akapita, akamwangalia, akasema, "Mama Ouma, huyu mtoto ana joto."

Nikasema, "Nimempima."

"Na nini?"

Nikainua mkono juu. Wanawake wakacheka. Nilifanya wacheke, unanielewa? Ningekuwa peke yangu pengine ningesikia.

Yeye hakucheka na hakukasirika. Akaenda akaleta kipima joto. Kwanza akajiweka yeye mwenyewe, akanionyesha: thelathini na sita na kitu, akasema, "Mimi ni mzima, kinasema mimi ni mzima." Alafu akamweka Ouma. Thelathini na tisa na nusu. Akakitikisa, akarudia. Ile ile. Akasema, "Twende sasa hivi, mimi nitafunga kliniki nikusindikize."

Saa zake zilikuwa zimeshuhudiana, Atieno. Wewe ndio umenipa hilo neno miaka hii yote baadaye.

Na mimi nikaweka mkono tena, mbele ya watu, na mkono ukaniambia hakuna kitu. Naapa sikudanganya. Mkono ulisema mtoto ni vuguvugu tu, vizuri. Nikamwambia Nesi, "Hicho ni kitu cha dukani. Huu mkono umelea watoto wa hii ploti." Akasema, "Mama Ouma, umekuwa kwa moto tangu saa ngapi?" Nikadhani ananidharau kwa sababu mimi ni wa jiko na yeye ni wa kalamu. Nikambeba mtoto wangu nikaingia ndani.

Alikuwa ananiuliza swali la maana kushinda yote nimewahi kuulizwa. Mkono wangu ulikuwa kwa mafuta tangu asubuhi. Ulikuwa moto kuliko mtoto. Mkono moto ukishika mtoto mwenye anachomeka, unasikia nini? Hausikii kitu. Kama mimi kwa kiti yako. Nilikuwa nimezunguka kwa muda mrefu mpaka nikaona nimesimama.

Jumatano nikajiambia itashuka. Nikachoma mandazi. Kila saa naenda namwangalia, na kila saa nasema, jioni itakuwa imeshuka. Uliniambia vile marubani wa kuruka kwa kuona wanakufa, ukasema si kwamba wanaingia kwa wingu na kelele. Wanaona ukungu kidogo, wanasema itafunguka hapo mbele. Wanaendelea. Wanaona kamlima kidogo, wanasema si unaona, inafunguka. Nilipokusikia nilitoka nje nikajifanya naosha sufuria. Hiyo ilikuwa Jumatano yangu yote.

Alhamisi asubuhi macho yake yakageuka na akaanza kutetemeka. Nikambeba mbio mpaka kwa mlango wa Nesi, na yeye hakusema hata "nilikuambia." Akamdunga sindano moja, akafunga kliniki, akatafuta gari, tukaenda naye hospitali kubwa, ameshika wewe na mimi nimeshika Ouma. Daktari akasema ni ugonjwa wa utando wa ubongo, na angekuja siku mbili mapema tungekuwa tunaongea mengine.

Sasa sikia hii, kwa sababu hii ndio ile nimeiruka. Kabla ya sindano. Nikiwa nakimbia na yeye kwa ile njia ya ploti, nilikuwa namwita, "Ouma! Ouma!" mdomo kwa sikio yake. Alikuwa amefungua macho wakati huo. Ananiangalia mdomo. Hakusikia. Nilijua. Nikiwa bado kwa kile kinjia, kabla mtu amguse na sindano, nilikuwa nimejua.

Na tuliporudi, wanawake wakaja kuniona, wakauliza, "Kwani ilikuwa nini, Mama Ouma? Si mkono ulisema hana homa?" Na mimi nikafungua huu mdomo nikasema, "Alikuwa tu na kahoma kadogo. Ni ile sindano."

Nilisema mara moja. Ya pili ikajisema. Unajua vile mimi hupiga stori, naweka sauti, naweka mikono, naiga mtu vile anatembea. Nilimwiga Nesi Njambi vile alishika sindano. Watu walitoka mpaka stage ya matatu kuja kusikia. Baada ya miezi kadhaa ile pazia ya kliniki ilikuwa haifunguki. Kuna mama mmoja nilimwona na macho yangu akipita huo mlango amebeba mtoto wake analia, akaenda kutafuta kliniki mbali, kwa sababu yangu. Sijui iliendaje. Sikuuliza. Mimi, mtu wa kuuliza hata paka imelala wapi.

Nesi Njambi alifunga. Sasa anauza maziwa kwa hiyo hiyo meza. Na sisi tulihamia Kibera, na nikawaambia nyinyi landilodi alitufukuza. Hakuna mtu alitufukuza. Nilikuwa nimechoka kupita huo mlango.

Nimechoka bado, mtoto wangu. Hii si ya miguu. Kucheka miaka yote hiyo ni kazi nzito kuliko karai.

Jana nilimwambia Ouma. Nilifunga kibanda mapema, nikasubiri atoke kwa karakana ya vitanda, nikamkalisha. Unajua ishara zangu si nzuri, mimi huongea na mikono kama mtu anafukuza nzi, kwa hivyo ilichukua muda. Nilimwambia ya Jumanne, nikamwambia ya kipima joto, nikamwambia ya Jumatano. Akaniangalia mpaka nikamaliza. Alafu akauliza kitu kimoja: mkono gani?

Nikamwonyesha huu wa kulia.

Akauchukua, akauweka kwa kipaji chake. Mwanaume mzima na ndevu zake. Akafunga macho. Na unajua, Atieno, sikusikia kama ni moto ama ni baridi. Nilikuwa nimetoka kwa jiko.

Sijui kama amenisamehe. Alikula samaki mbili akaenda kulala. Lakini leo asubuhi aliandika karatasi, nikamwambia maneno na yeye akayapanga, akapeleka Kawangware mwenyewe kwa mguu, akamwekea Nesi Njambi juu ya meza ya maziwa. Nimemwomba aje. Nimemwambia niko hapa mpaka samaki iishe. Amerudi saa nane, anasema Nesi alisoma akaikunja akaweka kwa mfuko ya aproni, akamuuzia mtu maziwa, basi. Kwa hivyo sijui. Kila mtu akipita na mwavuli nainua shingo nione ni nani.

Nilikuwa nimepanga nimwambie Nesi pembeni, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Lakini ile ya uongo niliisema wapi? Niliisema kwa tenki, kwa geti, kanisani nje.

Kwa hivyo wacha nirudi kwa mambo yako. Huko Kongo watu watakuwa wanakusubiri na wagonjwa wao, na ukigeuza ndege urudi, kuna mtu atasema, "Si ni yule msichana, aliogopa wingu." Mimi ni fundi wa hayo maneno, nayajua kutoka ndani. Aliyeniumiza kwa tenki si Nesi. Ni wale wanawake waliokuwa wananiangalia. Waache waseme. Rudi chini, kaa kwa kiti, kunywa soda, waseme mpaka wachoke.

Na siku ukiwa ndani yake kabisa, hakuna reli, hakuna Ngong, na mwili wako unalia kwamba umelala upande, usiukasirikie. Mwili haukudanganyi kwa ubaya. Umekuwa kwa moto muda mrefu, ndio tu. Uambie, pole, nimekusikia. Alafu uangalie kandege kadogo, uangalie na ile ya pembeni, ufanye venye zinasema, hata kama

Wueh. Mama Brayo anapiga kelele kutoka kwa mfereji. "Mama Ouma! Kuna mwanamke hapa anauliza njia, anasema ametoka Kawangware! Amebeba kibuyu ya maziwa!"

Nimetoa karai kwa moto. Watu wanane wako kwa laini ya samaki, na Mama Brayo anakuja nyuma yake aone ni nani. Ningewafukuza. Siwafukuzi. Hata ile siku ya tenki tulikuwa wengi.

Wacha niweke mkono kwa maji baridi kwanza, ndio nimsalimie. Anasema "hodi." Naenda.